Mwambie Mama Akae Wima

Kama umepewa vidonge vya kuinua presha iliyoshuka, usiende kulala kabla hujasikia yangu. Haitachukua muda. Haya, itachukua muda, kwa sababu mimi nikianza habari ya sufuria lazima niseme na aliyeinunua ni nani, lakini nitafika. Watu huniita Mama Njeri. Tunakaa shambani, nje kidogo ya Kitale. Wazazi wangu walitoka Central, kwa Wakikuyu, nikiwa bado mgongoni, na hapa ndipo nimezeekea. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya, lisogeze mwenyewe uendelee.

Ilianza na palizi. Mwaka ule mvua ilikuja vizuri, mahindi yakafika magotini mapema, na magugu nayo hayakukubali kuachwa nyuma. Nilikuwa nimeinama tangu umande nikifuata mstari wangu. Nikainuka ninyooshe mgongo. Nikaona vidoadoa vyeusi vinaruka kama inzi, masikio yakaziba, halafu sikuona kitu. Nilipofungua macho nilikuwa nimelala juu ya mahindi sita, na mzee wangu amesimama juu yangu na jembe. Neno la kwanza alilosema, na simsingizii, yuko hapa nje anasikia, lilikuwa hili: "Sasa hayo mahindi umeyavunjia nini?"

Nikasema ni jua. Siku ya tatu nikaanguka zizini, nikamwaga maziwa. Nikasema ni njaa. Jumapili nikaanguka kanisani tulipoinuka kuimba, na benchi la mbele likanipiga jichoni. Jicho likawa rangi ya bitiruti wiki mbili nzima. Sokoni kina mama wananitazama, halafu wanamtazama mzee wangu, halafu wanatazamana. Mzee huyu hajawahi kuniinulia mkono tangu anioe. Akaacha kunisindikiza sokoni. Jioni ananiambia, "Kaa nyumbani mpaka hilo jicho lipone," nami nasikia kama ni mimi nimemkosea. Tukawa tunakula kila mtu kivyake. Ugonjwa hauingii kwa mtu mmoja tu, unaingia na kwenye sahani ya mwenzako.

Mama yangu mzazi pia alikuwa akianguka. Wakati huo tuliambiwa ni pepo wa upande wa kwao, na kila akianguka anamwagiwa maji. Alianguka mpaka siku moja hakuinuka. Hilo nililiweka moyoni bila kumwambia mtu, na ndilo lililonipeleka hospitali kuliko jicho.

Ukifika pale kiliniki utakuta benchi ndefu. Ina desturi yake: wa mbele akiingia kwa daktari, wote mnasogea kwa makalio nafasi moja. Mimi niliipenda sana ile desturi kwa sababu sikulazimika kusimama. Nilisogea hivyo tangu saa mbili asubuhi mpaka saa sita, nikajua habari ya kila mtu. Kulikuwa na mwanamume wa Tongaren aliyevunjika mguu kwa kuanguka kutoka ghala la mahindi, ameufunga plasta nyeupe, anajisifu kwamba mahindi hayakumwagika. Basi sista akaita jina langu kwa sauti. Nikainuka kwa haraka ya heshima. Nikamwangukia yule wa plasta.

"Mama!" akapiga kelele. "Nimebaki na mguu mmoja tu!"

Watu wakacheka, nami nikacheka nikiwa chini. Lakini sista hakucheka. Alikuja, akachuchumaa, akasema, "Huyu aingie sasa hivi."

Alinilaza kitandani, akanifunga ule mkanda wa mkono, akapima. Akasema sawa. Akaniambia nisimame nishike ukuta, akapima tena. Akaita daktari. Daktari akaangalia, akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona yeye, lakini wawili. Wakanikalisha. Siku ile nilitolewa damu, nikapimwa moyo kwa waya nyingi kama redio iliyofunguliwa, nikaulizwa kuhusu figo na macho. Nilirudi mara tatu kabla hawajaandika dawa. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele nilipopewa vidonge vyangu vya kwanza. Jina lake sitaliandika. Ulimi wangu hauliwezi, na tena dawa yangu si yako. Nenda uandikiwe ya kwako.

Maneno ya sista nayakumbuka yote, kwa sababu mtu asiyesoma sana hana pa kuyaweka ila kichwani.

"Mama, ukisimama damu yako inakimbilia miguuni. Hii dawa inabana mishipa, damu irudi juu. Lakini dawa haijui kama umesimama ama umelala. Ukilala itaendelea kupandisha, na itapandisha kupita kiasi. Mshipa wa kichwa unaweza kupasuka. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Moja asubuhi, moja mchana, moja saa kumi jioni. Ukimeza, masaa manne usilale. Kaa, tembea, pika, gombana na mzee, lakini usilale."

"Hata kunyoosha mgongo kidogo?"

"Hata kidogo. Na ukisahau moja, iache ipite. Usimeze mbili kufidia. Na dawa nyingine ya dukani, hata ya mafua, usinunue kabla hujauliza. Zingine zinapandisha presha. Kichwa kikianza kugonga na macho kuona ukungu, inuka ukae wima, halafu uje mbio."

Saa ya ukutani kwangu ilikufa zamani, kwa hiyo nilipanga kwa kazi. Cha kwanza nikimaliza kukamua. Cha pili watoto wa jirani wakirudi kula mchana. Cha tatu mnunuzi wa maziwa akipiga kengele ya baiskeli yake. Kutoka hapo najua sijalala mpaka nimepika, tumekula, nimeosha vyombo, tumeomba, na mzee amesinzia kwenye kiti mara mbili.

Na mwili ukabadilika. Hawakunidanganya, waliniambia, lakini kuambiwa na kusikia ni mambo mawili. Nusu saa baada ya kumeza, ngozi ya kichwa inaanza kutambaa kama kuna siafu chini ya kitambaa. Mikono inasisimka, vinyweleo vinasimama wima, nafanana na kuku aliyenyonyolewa. Kanisani nilikuwa naenda na sindano ya kufumia, naipitisha chini ya kitambaa najikuna, mhubiri anadhani nimeguswa na neno. Na choo! Dawa ile hunitembeza choo. Kitanda nacho tuliambiwa tuinue upande wa kichwa, mzee akaweka matofali. Wiki ya kwanza alilalamika kila asubuhi ati anateremka mpaka miguu inagonga ukuta. Wiki ya pili nikamkuta ameongeza tofali lingine bila kuniambia. Hapo nikajua tumeanza tena kula pamoja.

Ndugu zangu wa kanisa walisikia neno presha, wakaniletea chakula bila chumvi miezi miwili. Githeri ya mahindi na maharagwe bila chumvi, mboga bila chumvi. Mimi daktari amesema niongeze chumvi na maji! Nilikuwa nashukuru, wakiondoka natia kiganja. Ukiwa na ugonjwa wako uelewe wewe mwenyewe kwanza, maana watu wanakupenda kwa ugonjwa wa jirani.

Lakini nilisimama. Hilo lazima niseme, usije ukaogopa dawa ukaiacha. Jumapili moja niliimba wimbo mzima nimesimama, beti zote, na lile benchi la mbele nikaliangalia tu hivi.

Sasa ndio tunaingia Bungoma.

Binti yangu Njeri ameolewa upande wa Myanga, kwa Wabukusu. Mume wake ni Wekesa, anafanya biashara ya vitunguu na viazi, ana pikapu kuukuu, anachukua mzigo Cheptais na kuuza chini huku. Ni mtu mzuri. Najua ni mtu mzuri kwa kuambiwa, kwa sababu miaka yote hiyo sikuwa nimemwangalia usoni. Kwao, mama mkwe na mkwe wa kiume hawaonani. Mkikutana njiani mmoja anaingia mahindini. Kwetu pia tuna heshima ya mkwe, lakini kwao mambo yamekazwa kamba. Siku ya harusi, tena ya kanisani, nilimwona kisogo. Nilikikubali.

Mwenye kulinda sheria hiyo ni mama yake, ambaye wajukuu wanamwita kukhu. Mimi wananiita cucu. Kukhu ni mfupi, ana sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto, na mkono wake haujui kunyima. Tunapendana sana tukiwa sisi wawili. Lakini ukisikia gari la Wekesa, anageuka askari.

Njeri akazaa mtoto wa tatu wakati sisi tunavuna. Nikafunga kikapu: njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, unga wa wimbi, leso mbili, mafuta ya kupika. Mzee akaniuliza, "Na hizo dawa zako?" Nikasema ninazo kifuani, kwenye kitambaa. Akasema, "Niende na wewe." Nikamwambia abaki na mahindi, mvua isije ikamkuta yameanikwa. Kiburi kilikuwa changu. Nilitaka Njeri anione nimefika kwa miguu yangu.

Nitaeleza makosa yangu kwa mpangilio, usinihurumie. La kwanza, nilikuwa na mafua. Asubuhi pale stendi nikanunua vidonge vya mafua kwa kibanda, viwili, nikameza. Sikuuliza mtu. La pili, mchana ulipofika nilikuwa safarini, na nikaogopa dawa itanitembeza choo katikati ya njia, basi nikairuka. La tatu, nilipofika karibu na boma la Njeri, saa nane hivi, vidoadoa vyeusi vikarudi. Nikashika ua. Nikasikia mtoto mchanga analia ndani, na nikaogopa kumpokea nikaanguka naye. Nikachota maji kwenye mtungi wa nje, nikameza viwili kwa pamoja. Nikajiambia, cha mchana na cha jioni, yote ni yangu.

Nikaingia. Wakafurahi. Nilimpakata mtoto nikiwa nimekaa, kichwa chake kina harufu ile ya maziwa na mkate. Njeri akalia kidogo. Kukhu akasema, "Mama Njeri, umenona! Ati walisema unaanguka anguka kama mlevi, mbona naona mwanamke wa kuolewa tena?"

"Ngoja niende nyumbani nimwambie mzee."

"Mwambie akazane!"

Tulikuwa tunacheka hivyo ndipo tukasikia pikapu. Wekesa alikuwa amesema atarudi kesho yake. Kukhu akaruka kama amekanyaga moto.

"Mwenyewe huyo! Mama, jikoni! Jikoni haraka!"

Alinivuta mkono tukapita nyuma ya nyumba mpaka jikoni, nyumba ndogo ya udongo yenye mlango mmoja na dirisha pana lisilo na ubao. Wekesa alikuwa amekuja na wanaume wawili wa kushusha magunia. Kukhu akaona kupitia dirishani kwamba wanaelekea kukaa pale pale, chini ya paa la jikoni, kwenye kivuli. Akatandika gunia nyuma ya kuni.

"Lala hapa, hawatakuona. Wakinywa chai wataondoka."

Nililala. Mwili ulilala kwa adabu kabla kichwa hakijafikiri. Akanifunika leso, akaanza kuchochea moto.

Hesabu na mimi sasa. Vidonge viwili vilikuwa vimeanza kazi, na juu yake ile ya mafua ya asubuhi. Nilikuwa chali juu ya gunia. Kitu cha kwanza kilikuwa siafu wa kichwani, nikasema ni kawaida. Halafu nikasikia kitu ambacho hakikuwa kawaida. Nilisikia moyo wangu ndani ya sikio. Du, du, du, kama mtu anatwanga njugu nyumba ya pili. Nje wanaume wanaongea bei ya vitunguu. Mmoja anasema vimeoza nusu, Wekesa anasema si vyangu, vimeozea kwako. Nilikuwa nasikia sauti yake kwa karibu mara ya kwanza. Ni sauti ya upole.

Sauti ya sista ikaja. Dawa haijui kama umelala.

Kukhu alipoinama kuchukua majani ya chai nikamshika sketi.

"Mama, nimemeza dawa. Sitakiwi kulala."

"Dawa gani inamkataza mgonjwa kulala? Mgonjwa ndiye hulala!"

"Daktari amesema damu itapanda kichwani."

"Shh. Anakuja kuchukua vikombe."

Nikajaribu kuinuka. Kichwa kikafika usawa wa dirisha, na mkono wa kukhu ukakirudisha chini, bila ubaya, vile unarudisha kifuniko cha sufuria. "Kidogo tu," akaninong'oneza. "Wako kwenye kikombe cha kwanza."

Kikombe cha kwanza kikaisha, wakaomba cha pili. Wanaume wa vitunguu hawana haraka jamani! Nilitazama paa. Kulikuwa na masizi yananing'inia, na nilianza kuyaona mawili mawili, kisha ukungu. Paji la uso likawa kama limefungwa ukanda wa ngozi mbichi unaokauka. Nikamkumbuka mama yangu aliyelala chini na watu wanammwagia maji. Nikafikiri, nikiinuka nitamvunjia mkwe wangu heshima mbele ya watu, na Njeri ataambiwa mama yako hana adabu, mpaka wajukuu watalisikia. Nikafikiri tena, nisipoinuka, wakimaliza chai watakuta maiti ya mama mkwe jikoni mwake nyuma ya kuni. Hiyo nayo ni heshima gani? Hiyo itahitaji kondoo wangapi wa kulipia kosa?

Wakaomba viazi.

Hapo ndipo nikasema hapana. Kukhu alikuwa amegeukia jiko. Nikajikokota mpaka ukutani, nikakaa wima, nikanyoosha miguu mbele yangu. Nikapumua. Nikashika mlango, nikasimama, nikatoka mwangani.

Wekesa alikuwa na kikombe mkononi. Aliniona. Kikombe kikaanguka, naye akageukia ukuta, uso umegusa udongo, mikono imefunika macho. Wale wawili wakatazama miti. Nyuma yangu nilisikia kukhu anasema, "Woi, woi, woi," na mwiko ukaanguka.

Nikasema, "Wekesa mwanangu, usigeuke. Mimi ni mama yake Njeri. Nimemeza dawa vibaya na nimelala nayo. Kichwa kinapasuka. Nipeleke hospitali, na njiani msikubali nilale."

Nikasikia moyo sikioni, du, du. Halafu Wekesa, akiwa bado ameangalia ukuta, akaita kwa sauti iliyotikisa kuku: "Njeri! Njeri! Mwambie mama akae wima! Mkalishe, naleta gari!"

Tulikaa mbele watatu, mimi mlangoni, Njeri katikati na mtoto kifuani, Wekesa kwenye usukani. Kabla hajawasha gari aligeuza kile kioo cha katikati kikaangalia juu. Tukaenda hivyo. Kila shimo lilikuwa nyundo kichwani. Nikianza kuegemea, nasikia:

"Njeri, mwambie mama asiegemee."

"Mama, usiegemee."

"Mwambie sijaegemea, ni gari linanilaza."

"Anasema ni gari."

"Mwambie anisamehe, naenda polepole kwenye mashimo."

"Anasema umsamehe."

"Mwambie aendeshe tu."

Kati yetu kulikuwa na Njeri peke yake, mabega yake na mtoto anayenyonya, na yote yalipitia kwake kama maji kwenye mfereji. Nikamwona analia huku anatafsiri Kiswahili kwa Kiswahili.

Kwenye kituo cha afya kulikuwa na benchi nyingine na watu wengi. Njeri akasema neno moja kwa mama wa mbele, na benchi nzima ikasogea kwa makalio kurudi nyuma. Sijawahi kuona benchi ikirudi nyuma. Huyo mama sijui jina lake, lakini namwombea.

Muuguzi wa pale alikuwa kijana mwembamba. Akapima mkono wa kushoto. Akahamia wa kulia, akapima. Hakuniambia kitu, na kutoambiwa kunatisha kuliko kuambiwa. Akanikalisha kwenye kiti cha mgongo mrefu, miguu ikining'inia, akaniambia nimtazame, nitabasamu, niinue mikono yote miwili. Nikainua. Akamwita daktari.

"Umemeza nini leo, cucu? Yote. Usinifiche."

Nikatoa kitambaa kifuani. Nikasema viwili kwa pamoja. Nikasema nililala. Akauliza, "Na nini kingine?" Ile ya mafua niliionea aibu kuliko zote, kwa sababu niliambiwa kabisa. Akangoja. Nikaitaja.

Daktari alipuliza pumzi. "Kaa hivyo hivyo. Usilale, usisinzie. Kila baada ya muda tutapima."

Nilikaa. Njeri alinishika mkono, mtoto akalala, jua likahama kutoka dirisha moja kwenda la pili. Nje ya dirisha hilo la pili niliona kisogo. Wekesa alisimama pale, mgongo kwa kioo, kofia mkononi. Kila muuguzi akija kupima, kisogo kile kinainama kidogo kama kinasikiliza. Hakukaa hata mara moja. Sijui ni nani aliyemwambia kwamba nami nikikaa wima peke yangu nitachoka.

Mara ya nne muuguzi akasema, "Imeanza kushuka." Kile kisogo kikaondoka dirishani, na Njeri akaniambia baadaye alienda akakaa chini kando ya tairi.

"Ulifanya vizuri kuinuka," daktari akaniambia. "Ungeendelea kulala, tungekuwa tunaongea mengine, ama hatuongei." Alinikataza cha jioni ile, akanipa barua ya kupeleka Kitale kesho yake, na akasisitiza nisiiache dawa kwa hofu. "Dawa haina kosa," akasema. Nilijua mwenye kosa.

Njeri akapiga simu nyumbani, akaniwekea sikioni. Mzee wangu si mtu wa simu, hupiga kelele kama yuko ng'ambo ya bonde. Nikamweleza. Halafu akasema polepole, "Wewe rudi tu. Ukitaka kuvunja mahindi, vunja yote."

Habari ilizunguka Myanga, kwamba mama mkwe Mkikuyu amemtokea mkwe mchana. Wazee wa kwao walikaa. Wengine walitaka kondoo. Kukhu mwenyewe, yule askari, ndiye aliyesimama akasema, "Mimi ndiye nilimlaza. Alinishika sketi akaniambia, nikamrudisha chini kama kifuniko. Kama kuna wa kulipa kondoo ni mimi." Wakatosheka na jogoo mmoja, tukaombewa, na sheria ikarudi mahali pake. Mimi sikupinga. Sheria ile haikutaka kuniua. Mimi ndiye niliingia nyumba ya watu bila kuwaambia dawa yangu inataka nini. Leo nikifika kwa mtu yeyote, kabla ya chai, nasema: nimemeza saa fulani, msinipe kitanda mpaka saa fulani. Waone ni ushamba, sawa. Nikisafiri nabeba chupa ya maji na vidonge vya siku hiyo tu. Nikikosa kimoja, kimepita, sikifuati. Mafua nanywa tangawizi na kuvumilia mpaka nimuulize sista.

Nilirudi Myanga mahindi mapya yalipokuwa yanaota. Kukhu alinipokea, lakini badala ya kunipeleka ndani ya nyumba alinishika mkono mpaka nyuma ya jikoni. Kulikuwa kumejengwa kijibanda, ukuta wa matete pande tatu, paa la bati. Ndani kulikuwa na kiti. Kiti cha mbao, kizito, mgongo mrefu uliosimama wima kabisa, mikono miwili ya kushikilia, na kimegeuzwa kuangalia migomba, si uwanja.

"Nani amekitengeneza?" nikauliza.

Kukhu akatazama miti. "Kuna mtu. Alikipima kwa kile cha hospitali."

Hatukuwa tumemaliza chai gari likasikika. Kukhu hakuruka. Aliniuliza tu, "Umemeza saa ngapi?" nikamwambia, akasema, "Basi nenda kwa kiti chako." Nikaenda, nikakaa kama malkia, migomba mbele yangu. Nikasikia pikapu inazima, hatua zinakuja, zinasimama mbali na matete. Mtu akakohoa.

"Njeri," ile sauti ya upole ikasema. "Muulize mama kama amekaa."

Sikungoja Njeri.

"Mwambie nimekaa."